Kidole Kitupu cha Glavu Nyeupe

Mama alipenda kusema kwamba nilizaliwa nikimtazama mkunga kwa jicho baya. Sijui kama ni kweli, ila najua kwamba tangu nilipopata akili sikuwahi kupokea kitu bila kukigeuza nione chini yake. Ukinipa andazi, niligeuza. Ukinipa shilingi ya maneno matamu, niligeuza vilevile. Mdogo wangu wa kike, aliyenifuata kwa miaka minne, alikuwa kinyume changu kabisa. Ukimwambia mwezi ni sahani ya mtu, atakuuliza mtu huyo amekula nini. Tulilala kitanda kimoja, yeye akiamini na mimi nikishuku, na tulipatana vizuri mpaka ilipokuja habari ya Mtakatifu Nikola.

Tulikaa Panda, katika kambi ya wafanyakazi. Nyumba zilijengwa mbili mbili zikiegemeana, ukuta mmoja katikati, hata mtu akikohoa kwao unamwambia pole ukiwa kwako. Baba alikuwa fundi katika karakana ya kompanyi ya shaba. Nyuma ya ukuta wetu aliishi msimamizi wake wa kazi, mtu mrefu, mpole, mwenye mke na watoto wanne waliokwisha kuwa wakubwa. Mashine ilikuwa imemla kidole cha shahada cha mkono wa kulia kabla sijazaliwa. Kilibaki kishina kifupi, na kwa kishina hicho alikuwa akigonga ukuta mara tatu pale mkewe alipopika kitu cha kugawana. Sisi watoto tulijua mlio ule kuliko kengele ya misa.

Kwetu hatukumngojea Baba Noeli. Huyo tulimwona kwenye filamu tu. Aliyekuja na vitu mkononi alikuwa Mtakatifu Nikola, tarehe sita ya Desemba, desturi ambayo Wabelgiji waliileta na kambi ikaishika hata baada ya wao kwenda zao. Jioni ya tarehe tano kila mtoto aliweka kiatu kimoja mlangoni na ndani yake konzi ya majani kwa ajili ya punda wa mtakatifu. Asubuhi majani yalikuwa yamekwisha na mahali pake pana karanga au peremende. Mdogo wangu alikuwa akiruka ruka. Mimi nilikuwa nikizunguka nyumba nikitafuta kinyesi. Punda anayekula majani ya kambi nzima lazima aache alama mahali fulani, na mimi kwa miaka yote ile sikuona hata kimoja.

Siku yenyewe, mchana, tulikusanyika katika ukumbi wa kambi tuliouita sekle. Mtakatifu alifika juu ya lori, amevaa joho jekundu na kofia ndefu ya kiaskofu, ndevu za pamba mpaka kifuani, uso umepakwa unga, mikononi glavu nyeupe. Nyuma yake alikuja mtu wake wa fimbo, wa kutisha watoto watundu, naye alikuwa amepakwa masizi ya mkaa usoni. Hilo lilinisumbua sana. Mtu mweusi kama sisi sote, anapakwa weusi wa nini tena? Nilimuuliza mama, akaniambia nikae kimya mbele ya mtakatifu.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa na jibu, na alilitoa kwenye filamu. Baada ya zawadi, madirisha ya sekle yalizibwa kwa mablanketi na jirani yetu aliwasha mashine ya sinema, kwa sababu yeye ndiye aliyeijua. Ilikuwa filamu ileile mwaka baada ya mwaka. Kijiji cha Ulaya kimefunikwa na theluji, ambayo mdogo wangu aliidhania ni unga wa mahindi, na kila mara aliuliza kwa nini watu wale wanaukanyaga badala ya kuuzoa. Mzee mnene wa nguo nyekundu anapanda juu ya paa, anaingiza mguu mmoja ndani ya bomba la moshi, na hapo hapo kitambaa cha sinema kinameta cheupe, mashine inaruka, na ghafla ni asubuhi na watoto wa kizungu wanafungua vifurushi. Alivyoshuka na alivyofanya ndani ya nyumba, hakuna mtoto wa Panda aliyewahi kuona.

"Imekatika, ni ya zamani," jirani yetu alisema kila mwaka, akitutuliza.

Basi mdogo wangu alijaza mwenyewe. Nyumba zetu hazikuwa na mabomba ya moshi, tulipika kwa mbabula, jiko la mkaa, nje ya mlango. Bomba la moshi lilikuwa moja tu mjini, lile kubwa la kiwanda, linaloonekana hata ukiwa njia ya Kambove. Kwa hiyo mtakatifu alishukia hapo. Na kwa kuwa bomba lilikuwa likitoa moshi usiku na mchana, alimtanguliza mtu wake wa fimbo apanguse masizi, ndiyo maana yule alitoka mweusi na bwana wake akatoka mweupe. Siwezi kukataa kwamba ilikuwa hoja. Hata mimi niliitafutia tundu siku mbili.

Nilipokuwa na miaka minane nilipata ushahidi wangu. Nilisimama kwenye mstari, nikafika mbele, mtakatifu akaniwekea mkono kichwani akaniuliza kama nilitii wazazi. Mkono uliposhuka, niliuona karibu na pua yangu. Vidole vinne vya glavu vilikuwa vimejaa. Kidole cha shahada kilikuwa kitupu, kimelala kando kama soksi isiyo na mguu.

Nikamtazama machoni juu ya pamba. Naye alinitazama. Nikachukua zawadi yangu, mpira wa kuruka, nikaenda kukaa. Filamu ilipoanza nilipita nyuma, karibu na mashine, nikamkuta jirani yetu amevaa shati lake la kila siku. Nyuma ya sikio lake palikuwa na unga.

Kesho yake alikuwa akitengeneza baiskeli kando ya uzio, akaniita.

"Jana ulikuwa unaangalia mukono yangu."

"Ndiyo, papa."

"Uliona nini?"

"Kidole haiko mu glavu."

Alicheka kimyakimya, mabega yakitikisika. "Basi unajua. Sasa siye babili tunajua. Mudogo yako hajue bado. Umuachie."

Ningepaswa kufurahi kupewa siri na mtu mzima. Badala yake nikawaza: huyu ananinunua. Nikaamua kwamba kama ni biashara, nami nidai changu.

"Na ile kipande ya filamu, papa? Inakatika kila mwaka palepale juu ya nini?"

Akainamia mnyororo wa baiskeli. "Ni ya zamani," alisema, bila kuinua uso. Nikaliweka hilo moyoni. Mtu anayesema kweli hatafuti mnyororo.

Mwaka uliofuata mambo yaliharibika. Askari waliasi katika miji mikubwa, watu wakapora maduka, na uporaji huo ukatufikia nasi. Ghala za kompanyi zilibaki kuta tu. Poso, ule unga na samaki ambao kompanyi ilitugawia kila mwezi, ulianza kuchelewa, kisha ukaja nusu, kisha baba akawa anakwenda na gunia na kurudi nalo limekunjwa kwapani. Lile bomba la kiwanda nalo likaanza kupumzika. Siku moja moshi, siku mbili hakuna. Watu wazima walilitazama asubuhi wakitoka nje kabla hata ya kunawa uso, kama mtu anavyotazama kifua cha mgonjwa.

Mdogo wangu pekee ndiye aliyefurahi. Tukiwa mezani siku moja alisema, akijaza mdomo, "Moshi inakwisha. Sasa Sen Nikola atashuka muzuri, hataungua."

Baba aliacha kula. Akanawa mikono, akatoka. Bukari yake, yaani ugali, ilibaki na alama ya vidole vyake.

Wakati huohuo kambi ilianza kunong'ona. Mababu wa watu wengi pale Panda waliletwa zamani kutoka Kasai kufanya kazi ya shaba, na wajukuu wao walizaliwa palepale, wakabatizwa palepale, wakaongea Kiswahili chetu kwa makosa yetu yaleyale. Sasa katika mikutano na redioni ikasemwa kwamba hao ndio waliokula nafasi zote. Lisemwalo lipo, watu walisema, na kama halipo laja. Wakaanza kuangalia nani ni msimamizi, nani anaongea lugha gani akiwa na mkewe jikoni, nani amepata poso kamili. Jirani yetu alikuwa mmoja wao. Baba yangu alikuwa mtu wa huku. Kwa mara ya kwanza kambi nzima ilifanana nami, kila mtu akigeuza kila kitu kuona chini yake, na nakiri kwamba nilijisikia niko nyumbani.

Ndipo ilipofika sikukuu. Lori halikuwepo, mtakatifu aliingia sekle kwa miguu. Mtu wa fimbo hakuja kabisa. Gunia lilikuwa dogo, na tangu mstari ulipoanza kusogea nililipima kwa macho. Mbele yetu alisimama msichana ambaye baba yake alitoka upande mmoja na jirani yetu. Alipewa mwanasesere wa plastiki mwenye nywele za njano, na nikaona kwamba alikuwa wa mwisho. Mdogo wangu, ambaye alikuwa ameota mwanasesere tangu Pasaka na kumtajia Mungu rangi ya gauni lake, alipewa penseli.

Yeye alishukuru. Alipiga goti kidogo kama alivyofundishwa, akaishika penseli kwa mikono miwili. Ni mimi niliyechemka. Niliunganisha mambo niliyokuwa nikiyasikia mwezi mzima, lugha na poso na nafasi, nikaona nimekamata mwizi.

"Ule haiko Sen Nikola," nilisema, kwa sauti iliyofika ukutani. "Ni jirani yetu. Muangalie kidole yake, haiko. Na mutoto aliyemupa ni wa kwao."

Kisha mwanamume mmoja nyuma akasema polepole, kama anayeeleza jambo rahisi, "Munaona? Hata bintu ya batoto, ni bo ba Kasai njo banagawanya."

Watu walicheka, lakini si kicheko cha sikukuu. Nilimtafuta baba. Alikuwa ameketi benchi la tatu, hatua chache kutoka kwa mtu aliyefanya naye kazi miaka kumi na mitano, na alikuwa akitazama viatu vyake. Nilingoja ainue kichwa, anipige hata kofi mbele za watu. Hakuinua.

Jirani yetu alivua ile kofia ndefu akaiweka juu ya meza, taratibu, kama kitu kinachovunjika. Ndevu hakuvua. Akakunja gunia, akaenda kwenye mashine, akaiwasha. Tulitazama filamu yote na yeye amesimama nyuma yetu na ndevu zake za pamba. Mzee mwekundu alipanda paa, akaingiza mguu, na filamu ikakatika palepale. Safari hii hakuna aliyetuambia kwamba ni ya zamani.

Njiani nilingoja machozi ya mdogo wangu. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, nikijiambia kwamba ukweli ni dawa chungu. Alitembea mpaka kwenye bomba la maji, akasimama, akaniita yaya, yaani mkubwa wake.

"Yaya, kumbe Sen Nikola iko anakaa kwetu, nyuma ya ukuta."

Macho yalikuwa yanang'aa. Mimi nilidhani nimemvua mtakatifu nguo. Kwake yeye nilikuwa nimemleta mtakatifu awe jirani yetu. Tangu jioni ile, kabla ya kulala, aligonga ukuta mara tatu kwa kidole chake cha shahada akasema, "Lala muzuri, Sen Nikola." Na kutoka upande wa pili, kila siku, kishina kilijibu. Mimi nilijifunika blanketi mpaka kichwani. Aibu yangu ilianzia hapo na sikumwambia mtu.

Mwaka mwingine haukwisha kabla hawajafukuzwa. Vijana walipita mtaa kwa mtaa, wengine tuliwajua, wengine tulisoma nao. Walikuwa wamepewa orodha ya nyumba. Jirani yetu alitoka mchana kweupe na kitanda kimoja, sufuria, na mkewe mgonjwa juu ya mkokoteni, huku vitu vingine vikibebwa na watu waliokuja kuvingoja mlangoni. Baba alikuwa ndani, amekaa kitandani. Mama alisimama nyuma ya pazia, mkono mdomoni. Mdogo wangu alitoka mpaka kizingitini, na hakuna aliyewahi kumrudisha.

"Banamufukuza Sen Nikola juu ya nini?" aliuliza.

Aliuliza sisi, akauliza wale vijana, akaiuliza na barabara. Mimi nilikuwa na jibu: ni mimi. Nilimtaja mbele ya watu na sasa watu wamekuja. Leo ni mtu mzima na najua kwamba kila mkubwa aliyekuwa sekle alimjua aliyekuwa ndani ya joho lile, na alijua babu yake alitoka wapi, na kwamba walikuja mitaa yote, hata ambako hakuna mtoto aliyefungua mdomo. Najua. Lakini ninashuku kila kitu kinachonipa nafuu, na hiki nacho nakishuku.

Wiki chache baadaye baba alirudi na shada la funguo za karakana, zile zilizokuwa zikining'inia kwenye mkanda wa jirani yetu. Alizitundika msumarini. Sikumuuliza alizipataje. Nilikuwa nimemshuku punda, nimemshuku mtakatifu, nikakuta kwamba baba yangu siwezi kumgeuza. Mpaka alipofariki hatukulizungumza, na sijui kama ni heshima au ni woga.

Waliofukuzwa walikwenda kituo cha treni kungoja usafiri wa kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Treni hazikuwa zikija. Wakajenga vibanda vya turubai na magunia kando ya reli, mvua ya Novemba ikawakuta hapo, na magonjwa nayo. Masista walipita kila siku kugawa maji na biskuti, pakiti moja kwa familia. Ukitoka kambini kwenda huko, kuna macho yaliyoangalia unabeba nini.

Tarehe tano ya Desemba, mchana, nilimkuta mdogo wangu mlangoni amevaa kiatu kimoja. Kingine alikuwa nacho mkononi, kimejaa majani mabichi.

"Tunaenda ku gare," alisema, yaani kituoni. "Hayiko tena hapa. Hataona kiatu."

Nilimwambia hapana. Mama alikuwa akisonga bukari, akatusikia. Akachukua beseni, akaweka bukari iliyofungwa kitambaa, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, katika kopo, akafunika juu kwa nguo chafu.

"Kama bantu banauliza, museme munaenda kufula," aliniambia. Hakunitazama. "Na baba yenu asijue."

Nguo chafu zilifanya kazi yake, hatukusimamishwa na mtu. Tulimpata jirani yetu kando ya nguzo, amekonda, shati lile lile alilovaa nyuma ya mashine ya sinema. Mkewe alikuwa amelala kwenye kitanda, anavunja biskuti moja vipande viwili, kingine akimpa mmoja wa wale watoto wao wakubwa. Jirani yetu aliipokea beseni ya mama, akaishika muda mrefu kabla ya kuifunua. Mdogo wangu hakuona njaa yoyote pale. Alimnyooshea kiatu.

"Papa, nimeleta huku, juu weye uko huku. Majani ni ya punda."

Akakipokea kwa mikono miwili, vidole tisa, kama padre anavyopokea sahani ya sadaka. "Asante, mama," alimwambia.

"Punda iko wapi?"

"Iko nyuma ya vagoni. Imechoka, inapumuzika."

Aliridhika, akaenda kuchungulia lile behewa. Tulibaki wawili. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno tangu kambini, lakini yalitoka kama makombo.

"Papa, ni minye njo nilisema. Kule ku sekle."

"Nilisikia. Nilikuwa pale." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Weye ulikuwa mutoto. Bale bengine hapana."

Akatia mkono mfuko wa kifuani, akatoa kitambulisho chake, na kutoka katikati ya kitambulisho akatoa utepe mweusi uliokunjwa, mfupi, wenye vitundu pembeni.

"Hii njo ile kipande. Haikukatika. Ni minye nilikata, na makasi."

"Juu ya nini, papa?"

"Utaangalia kwenye jua. Weye njo uko na macho." Akanifungia vidole juu yake. "Lakini mudogo yako, muachie."

Nilimuahidi. Tulipokuwa tukirudi, mdogo wangu akitembea mbele na mguu mmoja peku, niliinua utepe kwenye jua lililobaki. Picha zilikuwa ndogo kama kucha. Katika zote alikuwa mtu yuleyule, mwanamume mwembamba, amevaa fulana, amesimama mbele ya kioo akijifunga ndevu nyeupe kwa kamba masikioni. Mto umefungwa tumboni mwake. Nyuma, kwenye mlango uliofunguka kidogo, msichana alikuwa akichungulia.

Alikuwa ameona filamu ile kabla yetu, akafikia mahali hapo, na akachukua mkasi. Mwaka baada ya mwaka aliruka kipande kile na kuvumilia kelele zetu, ili watoto wa Panda wasione baba wa mtu akijifunga ndevu. Na mimi kazi hiyo yote niliifumua kwa sentensi chache. Nililia barabarani, na mdogo wangu aliponiuliza nikamwambia ni vumbi, ingawa barabara ilikuwa imelowa.

Asubuhi tulirudi kituoni mapema. Kabla hatujafika nilijua, kwa sababu palikuwa kimya. Treni ilikuwa imekuja na kuondoka alfajiri na sehemu kubwa ya watu. Mahali pao yalibaki mafiga, majivu yaliyolowa, magunia yaliyochanika. Mdogo wangu alikimbia moja kwa moja kwenye nguzo, nami nikamkimbilia ili nifike kwanza, nimzuie asione kiatu kitupu. Nilikuwa na peremende moja mfukoni, niliyoiomba kwa mama, ya kumdanganyia.

Sikumuwahi. Alikuwa amechuchumaa, mikono magotini, akitazama bila kugusa. Kiatu kilikuwa kimefutwa tope na kusimamishwa vizuri, ncha ikielekea nguzo. Majani hayakuwemo hata moja. Ndani zilipangwa biskuti nne.

Mimi nilizijua biskuti zile. Nilijua ni sehemu kubwa ya pakiti, na pakiti ni moja kwa familia, na safari ya kule ni ya siku ambazo hakuna aliyeweza kuzihesabu. Nilikuwa nimemwona mama yule akivunja moja vipande viwili. Mdogo wangu hakujua lolote kati ya hayo. Alijua tu kwamba ilikuwa tarehe sita.

"Punda ilikula yote," alisema kwa utulivu. Kisha akaniangalia, kwa mara ya kwanza kwa jicho la kupima kama langu. "Yaya, unaona? Alifika."

"Nimeona," nikasema.

Alichukua biskuti moja akaniwekea kiganjani. Niliipokea. Sikuigeuza. Nikaila palepale, nimesimama, na ile peremende ikabaki mfukoni.